Kabla hujanunua AC kubwa, tafuta maboksi

Jumatatu moja nafika ofisini saa moja kasoro, mlinzi ananidaka getini, "Bosi, kile chumba chako cha seva tangu jana kinavuma kama mzinga wa nyuki." Nikajua tu. Umeme ulikatika Jumapili, jenereta likawaka, UPS (betri ya akiba) ikazishika seva, zile kompyuta za ofisi zinazowaka muda wote, zikaendelea na kazi, ila AC ikabaki imezima inasubiri mtu abonyeze rimoti, na rimoti imelala kwenye droo yangu. Kufungua mlango ni kama umefunua sufuria la ubwabwa. Kipimajoto kinasoma 43.

Fundi akaja, akaangalia chumba (zamani kilikuwa stoo), akasema wekeni AC ya BTU 24,000 mtasahau (BTU ni kipimo cha joto ambalo AC inaliondoa kwa saa). Mkurugenzi kusikia bei akashika kichwa. Nikasema jamani tupige hesabu kwanza, maana umeme wote unaoingia kwenye seva mwisho wake ni joto. UPS yetu ilikuwa inaonyesha wati 1,200 hivi, wati moja ni BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo tunazungumzia kama 4,100. Weka na jua la Dar linalopiga ukuta wa magharibi kuanzia saa nane, bado ya 9,000 inatosha. Lile dude kubwa lingepoza dakika chache likazima, likawaka, likazima, na kwa unyevu wa hapa mjini AC ya namna hiyo haikaushi hewa, unaishia na chumba cha baridi chenye jasho.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye raki, lile kabati la chuma linalobeba seva. Ina nafasi wazi kibao, hewa ya moto inatoka nyuma inapenya humo inarudi mbele, seva inavuta pumzi yake yenyewe. Tukakata maboksi ya karatasi za printa tukaziba kwa selotepu (baadaye nikaweka vipande vya bati, maboksi yanashika moto) na hewa ya mbele ikashuka kutoka 31 mpaka 26, rimoti hatujaigusa. ASHRAE, wale wahandisi wa Marekani, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya 18 na 27, sasa hii tabia ya kuweka AC 16 sijui tumeitoa wapi, haipozi haraka zaidi, inakula tu yuniti za LUKU. Na kipimajoto kibandike mbele ya seva, ukikiweka ukutani chini ya AC kinakupa habari za AC.

Hela ya ile moja kubwa tukanunua mbili za 9,000 zinapokezana, ikafa moja nyingine ipo. Sikumlipa fundi mpaka niliposhusha swichi kuu mbele yake, nikaipandisha, nikaona zote mbili zimewaka zenyewe. Halafu tukaweka feni ya kutoa hewa juu karibu na dari, hiyo inakula umeme wa UPS hata AC zikizima, maana hewa ya nje hata ikiwa 32 ya mwezi wa pili ni nafuu kuliko 43.

AC ya pili fundi alitaka kuifunga juu ya raki kabisa eti ukuta ule ndio una nafasi, nikamuuliza bomba la maji likiziba yatadondokea wapi, akaangalia juu, akaangalia chini, akahamisha ngazi.