Katiba ya Texas iliwaangusha marais wake

Jamhuri ya Texas, nchi iliyojitenga na Mexico, ilidumu miaka kumi tu, 1836 hadi 1846, na wengi wanaoizungumzia hupenda kuwashindanisha marais wake wawili, Sam Houston na Mirabeau Lamar: Houston mbahili, Lamar mwenye maono. Kwa maoni yangu, lawama kubwa ni ya katiba. Rais wa kwanza alipewa miaka miwili, waliomfuata mitatu, na hakuna aliyeruhusiwa kushika mihula miwili mfululizo. Kila sera iliyoanza kuzaa ikang'olewa na mrithi.

Fedha ndizo zinazoonyesha hasara hiyo vizuri zaidi. Houston aliapishwa Columbia tarehe 22 Oktoba 1836, akimpokea rais wa mpito, David Burnet, akakuta deni la dola milioni 1.25 hivi. Mwaka 1837 akawapa wanajeshi likizo, wakabaki 600 tu. Noti zake za kwanza zilikuwa chache, kama nusu milioni ya dola, na zililipa riba ya asilimia 10, kwa hiyo zikashika thamani.

Desemba 1838 muda wake ukaisha, akaingia Lamar. Noti zake, zilizoitwa za mgongo mwekundu kwa rangi ya upande wake wa nyuma, hazikuwa na riba, nazo zikapita dola milioni 2. Serikali ilizipokea kwa kodi na ushuru, kwa hiyo kila zilipoporomoka, mapato ya hazina yaliporomoka nazo, na zikachapwa nyingine. Kufikia 1842 noti ya dola moja ilikuwa na thamani ya senti mbili tatu.

Matumizi nayo hayakungoja. Lamar alitumia karibu dola milioni 4.85 huku akikusanya milioni 1.08 hivi. Julai 1839 jeshi lake liliwafukuza Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika ambao Houston mwenyewe alikuwa ametia saini mkataba nao, na chifu wao Bowles akauawa. Mwaka 1841 Lamar akatuma msafara Santa Fe, mji wa New Mexico uliokuwa chini ya Mexico, bila idhini ya Bunge. Msafara huo wa watu zaidi ya 300 ukaishia mikononi mwa Mexico. Sifa yake ya kweli, na ni kubwa, ni ardhi ya shule: ekari 13,000 na ushei kwa kila kaunti.

Houston alirudi Desemba 1841, deni likiwa limefika milioni 7 hivi. Alibana sana, akatumia kama dola 511,000 kwa miaka mitatu, lakini riba iliendelea kulikuza deni.

Kitu kimoja hakikuguswa na rais yeyote: utumwa. Katiba ilikataza Bunge kuwaachia huru watumwa, na Mwafrika huru hakuweza kuishi nchini bila idhini ya Bunge hilo. Hilo ni doa ambalo hakuna sifa ya Houston inayoweza kulifuta.

Anson Jones, daktari na rais wa mwisho, alikabidhi nchi kwa Marekani tarehe 19 Februari 1846. Deni likabaki. Mwaka 1850 Marekani iliahidi Texas dola milioni 10 ili iache madai yake ya ardhi ya New Mexico, na nusu ya fedha hizo ikazuiwa kwa ajili ya wadai.