Sindano ya mifupa, hofu ya moyo

Jirani yetu hapa Manyatta, Kisumu, mama aliyeuza omena sokoni Kibuye miaka mingi, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Binti yake aliniletea picha ya eksirei. Tukaiinua dirishani, na hata mimi nisiye daktari niliona mfupa ulipokatika. Tangu hapo mama huyo hubebwa kwenda msalani. Namtaja mapema kwa sababu kila mjadala ninaousikia wa dawa ya mifupa inayozima protini iitwayo sklerostini ni wa hofu kwamba itaudhuru moyo, basi. Nyonga haina msemaji.

Sklerostini ni protini inayotoka kwenye seli zilizozama ndani ya mfupa, na kazi yake ni kuuzuia mfupa usizidi kujijenga. Romosozumabu, sindano ya kila mwezi kwa mwaka mmoja, huizima protini hiyo, mfupa ukajengeka. Shida ni kwamba sklerostini imekutwa pia kwenye kuta za ateri, hasa palipoganda chokaa, na panya walioongezewa protini hiyo mishipa yao iliharibika kidogo kuliko ya wenzao. Je, kama iko pale kuzima moto, nasi tunaifukuza? Swali ni halali. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoipitisha dawa hii mwaka 2019 iliibandika onyo kali, na kutaka asianzishiwe mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita.

Lakini tuutazame utafiti uliozua onyo hilo, ARCH wa mwaka 2017. Wanawake 4,093, wote wamewahi kuvunjika. Nusu wakapewa sindano, nusu vidonge vya alendroneti, dawa nyingine ya mifupa. Mwaka wa kwanza, waliopatwa na matatizo makubwa ya moyo na mishipa walikuwa 50 upande wa sindano, 38 upande wa vidonge. Tofauti ni watu 12. Hawajazi hata matatu ya Kondele. Kwa aliyefiwa mmoja anatosha, najua. Ila katika utafiti huohuo waliovunjika nyonga ni 41 dhidi ya 66, yaani 25 pungufu, na hao 25 sijawahi kusikia wakitajwa. Kweli, nyonga zilihesabiwa kwa muda mrefu zaidi, hadi baada ya wanawake wote kuhamia vidonge, kwa hiyo mizani hii si ya dhahabu. Hata hivyo 12 wana kengele na 25 hawana.

Halafu kuna utafiti mwingine, FRAME, wanawake 7,180, sindano ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa. Matatizo ya moyo yakawa karibu sawa pande zote mbili, kiasi cha asilimia 1. Wapo wanaosema basi katika ARCH vidonge ndivyo vilivyokinga moyo. Hilo halijathibitishwa, nami siliegemei. Wengine hujibu kwamba wanawake wa FRAME walikuwa na umri mdogo kidogo na mifupa yenye nafuu. Hapo wana hoja.

Tena wanaohofia moyo wana hoja nzito zaidi huku kwetu, ambako presha yaweza kukaa bila kupimwa. Presha ya jirani yangu ilipimwa mara ya kwanza siku alipovunjika: 178 kwa 104. Binti aliponiuliza kama kuna dawa ya kumjengea mama mifupa nilimwambia ipo, ila presha ishuke kwanza. Kliniki ilimwandikia alendroneti ya mara moja kwa wiki. Huimeza Jumapili alfajiri kabla ya chai, kisha binti humwegemeza wima kitandani nusu saa, akitazama saa ya simu.