Zawadi ya Mzee wa St. Paul

Mtu akikusimulia habari ileile kila usiku kwa miaka minne, unajifunza kuitikia "ee" hata ukiwa usingizini. Ndivyo nilivyoisikia historia ya Hüsker Dü, bendi ya roki, zamu ya usiku, katika ghala moja la Minneapolis, Marekani. Msimulizi alikuwa mwenzangu wa zamu, mzee wa St. Paul, mji jirani. Aliwaona tangu walipoanza mwaka 1979: Bob Mould na gitaa, Grant Hart akipiga dramu pekupeku, Greg Norton na besi, masharubu yamejipinda kama pembe za ng'ombe wa Ankole.

Alipofika kwenye albamu yao Zen Arcade ya 1984, alishusha mzigo kabisa. Santuri mbili, saa 85 studioni, dola 3,200 tu!

"Kwetu hiyo haitoshi hata vikao vya harusi," nilimjibu siku moja. Akacheka, na tangu hapo ghala zima likanihesabu mtaalamu.

Alipostaafu tukachanga. Dada mmoja Mkisii, mweka hazina wetu, akanikabidhi dola 90. "Wewe ndiye unawajua hao watu wake."

Nikaingia mtandaoni, nikaandika jina pamoja na zile nukta juu ya u. Likatokea boksi: Hüsker Dü, la mwaka 1970. Akili ikaninong'oneza, si walianza 1979? Nikainyamazisha. Kitu adimu hicho, bwana!

Boksi likaja. Nikalitikisa: kacha-kacha-kacha. Mungu wangu, santuri zimevunjika! Sikufungua. Nikalifunga kwa karatasi ya maua, tabaka tatu, nikajiandaa kushangaa pamoja na wengine.

Siku ya kumuaga, mzee akachana karatasi, akasoma maandishi ya juu kwa sauti: mchezo ambao mtoto anaweza kumshinda mtu mzima. Vipande vikamwagika, vikabingirika hadi chini ya meza ya keki. Dada Mkisii alinitazama kama anayehesabu noti upya.

Kumbe hao jamaa wa bendi walikuwa mazoezini, wakipiga wimbo wa bendi nyingine, Talking Heads, maneno ya Kifaransa yakawatoka kichwani. Wakaanza kuropoka neno lolote la kigeni lililowajia, mmoja akatupa jina la mchezo huu wa watoto, wa kukariri picha zilipojificha, likawa jina lao. Ni Kidenmaki, maana yake "unakumbuka?"

"Nilikueleza haya mara ngapi?" mzee akaniuliza, boksi mkononi. "Unakumbuka?"

"Ee," nikasema.