Winchester '73 na Night Passage: Nani Amuue Ndugu Jambazi?

Mwaka 1950 studio ya Universal ilitoa Winchester '73, na mwaka 1957 ikatoa Night Passage. Zote ni picha za makauboi, na katika zote mna ndugu wa damu waliotengana, mmoja akawa jambazi. Mfanano hauishii hapo. Staringi ni yuleyule, James Stewart. Borden Chase ameshika kalamu kotekote (ya kwanza akiandika na Robert L. Richards), mtayarishaji ni Aaron Rosenberg, mpiga picha ni William Daniels, na Dan Duryea ni adui anayecheka hovyo katika zote mbili. Aliyebadilika ni mwongozaji. Anthony Mann aliongoza ya kwanza. Ya pili aliisusa akisema hadithi yenyewe haina mashiko, ikakabidhiwa kwa James Neilson. Mann na Stewart walikuwa wameshafanya picha nane pamoja. Ya tisa haikuwahi kuja.

Tangu hapo wapenzi wengi wa picha hizi wamelichukua neno la Mann kama hukumu. Lina ukweli nusu. Night Passage imetengenezwa vibaya zaidi, lakini swali lake kuhusu udugu na sheria ni zito kuliko la mwenzake.

Tuanze na kile Mann alichokijua. Katika Winchester '73 tuko Dodge City, Julai 4, 1876, na Wyatt Earp, mlinzi wa sheria wa mji, amekusanya bastola za kila anayeingia. Lin McAdam (Stewart) anaingia kilabuni, anamwona Dutch Henry Brown. Papo hapo mikono ya wote wawili inashuka kiunoni, kwa kasi ileile na kwa mkao uleule, na inashika hewa. Hakuna aliyetuambia kuwa ni ndugu, miili imeshasema. Kisha wanashindania bunduki ya tuzo, ile Winchester '73 yenyewe, na hawaachani risasi kwa risasi, mpaka Lin anapotoboa stempu iliyobandikwa kwenye tundu la pete iliyorushwa juu. Wanalenga shabaha kama watu waliofundwa na mkono mmoja, na ndivyo ilivyo: ni baba yao, ambaye Dutch alimpiga risasi ya mgongoni.

Siri hiyo inatolewa mwishoni kabisa, risasi zikiwa tayari zinarindima kwenye majabali. Wapo wanaolalamika, na wana hoja: kwa zaidi ya saa nzima mtazamaji anaona chuki asiyojua chanzo chake. Isitoshe, katikati picha inawasahau ndugu wenyewe na kuifuata bunduki, ambayo Dutch amemnyang'anya Lin: toka kwa mfanyabiashara mpaka kwa chifu wa Wahindi Wekundu, Young Bull, kwa mchumba mwoga, kwa Waco (huyo jambazi wa Duryea), ndipo imrudie Dutch. Ukiiangalia mara ya pili, dalili za mwanzo zinakulipa. Mara ya kwanza unadaiwa subira.

Ila Lin hana la kuamua. Baba ameuawa, muuaji anajulikana, iliyobaki ni kumfikia. Wala hawindi kwa niaba ya sheria. Sheria ya Earp inakomea mipakani mwa mji.

Grant McLaine wa Night Passage (Stewart tena) ana mzigo mwingine. Miaka mitano kabla ya hadithi kuanza alifukuzwa kazi ya reli kwa sababu alimwachia jambazi Utica Kid atoroke, naye ni mdogo wake. Sasa kampuni ileile, iliyochoka kuibiwa mishahara ya wajenzi wa reli, inampa dola 10,000 azisindikize. Genge la Whitey Harbin (Duryea) linavamia treni, Utica akiwemo, na Grant anazificha fedha ndani ya boksi la viatu la mtoto anayesafiri naye. Huyu staringi amekwisha kuikosea sheria kwa ajili ya damu yake, na amelipia. Je, mwaminifu ni yupi hapo?

Tatizo ni namna linavyoulizwa. Picha ilipigwa kwa Technirama, mfumo ambao mkanda hupita kamera kwa ubavu na kila fremu kumeza matundu manane ya ukingoni mwa mkanda badala ya manne. Taswira inatoka safi ajabu, na milima ya Colorado kando ya reli nyembamba ya Durango na Silverton inapendeza kweli. Lakini kamera imeipenda milima kuliko nyuso. Stewart anaimba na kupiga akodiani pale ambapo ndugu wawili walipaswa kukaa chini wakaambizana. Audie Murphy, aliyeigiza Utica, ni mdogo kwa Stewart kwa miaka 17 hivi, wengine wanaona ni kama baba na mwana. Hilo silihesabu kuwa kosa: pengo la umri linaeleza vizuri kwa nini mkubwa alilegeza mkono.

Udhaifu halisi uko kwenye mgodi, mwishoni. Utica anageuka, anapigana bega kwa bega na kaka yake, na anauawa na Whitey. Grant anammaliza Whitey. Kanuni za maadili za Hollywood za wakati huo zilitaka mhalifu asiepuke adhabu, kwa hiyo Utica ilibidi afe. Lakini kwa kumpa Whitey kazi hiyo, waandaaji walimpokonya Grant uamuzi ambao picha nzima ilikuwa ikimpeleka kwenye huo. Mikono yake inabaki safi bila yeye kuchagua. Lin, asiyekuwa na swali, ndiye anayemwangusha ndugu yake kwa risasi yake mwenyewe, na anashuka mlimani na bunduki mkononi, hoi, bila dalili yoyote ya furaha usoni.