Kasino ya Mtandaoni kwa Anayeanza: Leseni Inalinda Nini, na Inaishia Wapi

Anayetaka kufungua akaunti ya kasino ya mtandaoni kwa mara ya kwanza hupewa ushauri wa aina mbili usiopatana. Wapo wanaomwambia atafute kampuni yenye leseni, acheze kwa kiasi, na hatakuwa na la kuhofia. Wapo pia, na pwani ni wengi, wanaomwambia kwamba kamari ni haramu, au kwamba imeshabomoa nyumba za kutosha, na hakuna mlango salama wa kuiingia. Nawaheshimu hawa wa pili, lakini onyo lao halimfikii kijana ambaye tayari ameshaamua kucheza. Hawa wa kwanza nao wanachanganya maswali mawili: iwapo kampuni itakuibia, na iwapo mchezo utakumaliza hata pale ambapo hakuna aliyekuibia.

Kwa swali la kwanza, leseni ina uzito mkubwa. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Uganda imeweka umri wa chini wa kucheza kuwa miaka 25, wakati majirani wake hao wawili wameuweka 18. Tovuti yenye leseni ya Curaçao pekee, kisiwa cha mbali huko Karibi, inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini mchezaji wa Mwanza akizuiliwa fedha zake hana ofisi ya karibu ya kupeleka malalamiko. Nembo ya leseni iliyobandikwa chini ya ukurasa si ushahidi, kwa sababu ni picha ambayo yeyote anaweza kuinakili; jina la kampuni litafutwe kwa mdhibiti mwenyewe. Kisha ajaribu njia ya kutolea fedha mapema, kwa kuweka kiasi kidogo, kukicheza kama masharti yanavyodai, na kuomba kilichobaki kirudi kwenye simu. Jina la akaunti lisipofanana na jina lililosajiliwa kwenye laini, ugumu hujitokeza hapo, na ni heri ujitokeze kwa shilingi elfu mbili kuliko kwa laki mbili.

Swali la pili ndilo zito, na leseni hailigusi.

Tuchukue Aviator, mchezo ambao wengi mitaani wanauita kindege: ndege inapopaa dau lako huzidishwa, na usipotoa fedha kabla haijatoweka, dau limeliwa. Kampuni ya Spribe iliyoutengeneza inaeleza kwamba mchezo huu hurudisha kwa wachezaji asilimia 97 ya fedha zinazowekwa. Anayeanza husikia hivyo akadhani kwamba akiingia na shilingi 10,000 atatoka na 9,700 hivi. Sivyo. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa kila dau, si kwa mtaji, na raundi moja huisha kwa sekunde chache. Mwenye 10,000 anayeweka dau la 500, akishinda na kuzirudisha mezani, baada ya raundi 200 atakuwa amechezesha 100,000, na asilimia tatu ya hizo ni 3,000, yaani karibu theluthi ya alichokuja nacho. Hiyo ni wastani tu. Wapo watakaotoka na faida, na wapo watakaoliwa zote muda mrefu kabla ya raundi ya 200. Wanaouza "utabiri" wa kindege kwenye Telegram wanauza hewa, kwa kuwa matokeo ya raundi hutokana na namba za siri za mtambo zikichanganywa na namba kutoka kwa wachezaji wa kwanza wa raundi hiyo.

Bonasi nayo ihesabiwe kabla haijafurahiwa. Tuseme kampuni inakupa bonasi ya 10,000 kwa sharti la kuichezesha mara 30 kabla ya kutoa chochote. Hiyo ni 300,000 inayopaswa kupita mezani. Kwenye sloti, yaani mchezo wa kuzungusha picha, inayorudisha asilimia 96, hasara ya kutarajiwa ni 12,000, kubwa kuliko zawadi yenyewe. Sharti hilo huandikwa wazi, na kampuni yenye leseni safi ina haki ya kuliweka.

Wanaotetea uhuru wa mtu mzima wana hoja hapa: mwenye kuzielewa hesabu hizi na akaamua kutumia 5,000 kwa mwezi kama kiingilio cha burudani hajamkosea mtu. Kufunga kila mlango wa halali humsukuma mchezaji kwenye tovuti zisizo na msimamizi. Nakubaliana nao, ila nafasi ya kuamua ni kabla ya kuweka fedha, wakati akili imetulia. Kwa hiyo nisingemshauri anayeanza achague kampuni kwa ukubwa wa bonasi. Aangalie kama inamruhusu kuweka ukomo wa siku na wa wiki, na kujifungia akaunti bila kulazimika kumbembeleza mhudumu, kisha aweke ukomo huo siku ileile ya kujisajili.

Hata hivyo, kumtwika mchezaji peke yake mzigo wa "kucheza kwa kuwajibika" si haki. Huduma za mkopo wa simu kama Fuliza ya Kenya na Songesha ya Tanzania humwezesha mtu kuendelea kulipa baada ya salio lake kwisha. Dau linalotokana na mkopo wa namna hiyo linatoka kwenye kodi ya nyumba ya mwezi ujao. Uingereza ilipiga marufuku kamari kwa kadi za mkopo Aprili 2020, na mwaka 2025 ikaweka kikomo cha dau la sloti za mtandaoni, pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Huko pia mchezaji hujiandikisha mara moja katika mfumo wa GAMSTOP na kufungiwa na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni. Aliyejifungia kwenye kampuni moja tu anaweza kufungua akaunti kwa jirani yake jioni hiyohiyo, kwa namba ileile ya simu. Wadhibiti wetu wangeanzia hapo, kwenye daftari moja la waliojifungia na kwenye mkopo wa simu unaoingia moja kwa moja katika akaunti ya kamari, kabla ya kuongeza tangazo jingine la kuwaasa vijana.