Askari wa miguu, nani anafika na nani anabaki

Hapa Kigoma, mazungumzo ya jeshi yakianza kijiweni hayachukui muda kufika hapa: kati ya askari wa miguu wa nchi kavu na wale wa wanamaji, nani mkali zaidi? Naona swali hilo linawapotosha vijana wetu. Wote wanabeba bunduki na wote wanalala kwenye matope. La kuuliza ni wanafikaje vitani, na wakishafika wanaweza kukaa muda gani.

Wa majini anashuka kutoka melini kwa boti au helikopta, na nyuma yake hakuna barabara wala ghala. Kwa hiyo vita yake inaanzia kwenye upakiaji. Risasi, maji na dawa za dakika za mwanzo ufukweni hupakiwa mwisho ili zitoke kwanza. Wapakiaji wa boti za ziwani hapa kwetu Kibirizi wanaijua hesabu hiyo: mzigo wa kijiji cha karibu hauwekwi chini ya magunia ya mwisho wa safari. Huku ukikosea utasemwa na abiria. Kule watu wanakufa huku sanduku la risasi likitafutwa.

Hata idadi inafuata kazi. Jeshi la nchi kavu la Marekani hupanga kundi dogo la askari 9. Marines, yaani askari wa miguu wa majini wa nchi hiyohiyo, kwa miaka mingi wamepanga 13, idadi inayowaruhusu kupoteza watu na bado kusonga mbele. Matabibu wao wa vitani huwapata kutoka jeshi la majini.

Jeshi la anga nalo lina askari wake wa miguu. Mei 1941 askari wa miavuli wa Ujerumani, waliokuwa chini ya jeshi la anga, waliuteka uwanja wa ndege wa Maleme kisiwani Krete. Uingereza ikazinduka, na Februari 1942 ikaunda RAF Regiment, askari wa miguu wa jeshi lake la anga, ambao kazi yao kubwa ni kulinda viwanja vya ndege.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kwetu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Maasi yakafika Tabora, kwenye kikosi cha pili. Tarehe 25 Royal Marines, askari wa miguu wa majini wa Uingereza, waliruka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na asubuhi hiyohiyo Colito ikawa mikononi mwao. Hiyo ndiyo kazi ya wa majini hasa: meli iko karibu, wanatua, wanamaliza.

Kulinda nchi isiyo na jeshi kwa miezi ni kazi nyingine kabisa. Aprili mwaka huo ikaja batalioni ya askari wa miguu wa nchi kavu kutoka Nigeria, ikakaa wakati jeshi jipya linasukwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa tarehe 1 Septemba. Najua siasa ilikuwemo. Kulindwa na mkoloni wa juzi kulikuwa aibu kubwa kwa Mwalimu Nyerere. Hata hivyo natamani wanafunzi wa Tabora wafundishwe pande zote mbili za kisa hiki. Leo wengi wanahadithiwa helikopta tu, na Wanigeria waliobaki hawatajwi.