Kuchukia kipindi cha kemia hakutoshi kumnyima mtu udaktari

Juzi mwalimu mmoja alimwambia mpwa wangu, mbele ya darasa zima, kwamba mtu anayesinzia kwenye kemia asijisumbue kuutamani udaktari. Sentensi moja tu, na binti aliyekuwa akitaka kazi hii tangu utotoni akaanza kutafuta jambo jingine la kusomea. Mimi ni daktari. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira yangu.

Mtoto wa sekondari akisema hapendi sayansi, anachokizungumzia ni kipindi. Hajawahi kukutana na kitu kingine. Anamjua mwalimu anayeandika ubaoni akiwa amewapa mgongo, anaijua milinganyo ya kusawazisha ambayo hakuna aliyemwambia ni ya nini, anaujua mtihani unaotaka aliyoyakariri jana usiku. Akiyachukia hayo nitamwelewa kabisa. Hata mimi fizikia ya shule iliniudhi mpaka siku ya mwisho.

Chukua mada ya asidi na besi. Shuleni ni bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, kioevu kisicho na rangi, tone baada ya tone mpaka rangi igeuke. Andika kipimo, rudia, kokotoa, kengele imelia. Ni wangapi huambiwa siku hiyo kwamba damu inayozunguka mwilini mwao wakati huohuo ina pH, yaani kipimo cha asidi na besi, kati ya 7.35 na 7.45, na kwamba mapafu na figo zao havipumziki kuilinda isitoke hapo?

Sasa njoo wodini. Ameletwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, insulini imemwishia. Amelala, lakini anahema pumzi ndefu, za haraka, kama mtu aliyetoka mbioni. Ukimkaribia unasikia harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ndugu zake wanadhani ni kifua. Mapafu yake ni mazima; damu ndiyo imejaa asidi, kwa sababu mwili umekosa njia ya kutumia sukari ukaanza kuchoma mafuta, na sasa unajaribu kuipunguza asidi hiyo kwa kutoa kaboni dayoksaidi kwa kila pumzi. Unataka kumpa insulini mara moja. Subiri kwanza. Insulini huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na kijana huyu ameshapoteza potasiamu nyingi kwa mkojo, hata kama kipimo cha damu kinaonyesha iko sawa. Ikiwa tayari iko chini sana, unaanza na potasiamu, insulini inafuata. Ukivuruga mpangilio huo, mapigo ya moyo yanaweza kuparaganyika na ukampoteza mtu uliyekuwa unamwokoa.

Hiyo ni kemia ileile ya bureti. Nimewaona wanafunzi wa udaktari walioapa kwamba hawataki tena kusikia neno asidi wakisimama kando ya kitanda kama hicho na kuuliza maswali mpaka zamu ikaisha. Walichokuwa wamekikosa miaka yote ni mgonjwa.

Mfano mmoja mkubwa upo. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, kilianza mwaka 1987 kuwapokea wanafunzi waliokuwa wakisoma fasihi, historia na masomo mengine ya aina hiyo, bila kuwadai kemia ogania, fizikia wala MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari huko. Mwaka 2010 chuo kilichapisha ulinganisho wa wanafunzi 85 wa njia hiyo na wenzao 606 waliopitia njia ya kawaida. Kwa jumla walikwenda sawa. Ndiyo, alama zao za mtihani wa kwanza wa leseni zilikuwa chini kidogo, na ndiyo, walichaguliwa kwa makini na kupewa masomo ya kuwaandaa. Nakubali yote hayo. Lakini walifuzu, wakawa madaktari, na wengi kidogo zaidi wakaelekea kwenye tiba ya msingi na magonjwa ya akili.

Mpangilio wa kuanza na maabara miaka miwili kabla ya wagonjwa ulishika mizizi baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya Marekani na Kanada. Ulisaidia, kwa kuwa vyuo vingi vya wakati ule vilitoa madaktari ambao hawakuwahi kugusa darubini. Ila tangu 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kimekuwa kikifundisha kwa kuanzia na tatizo la mgonjwa, na sayansi inakuja kulijibu. Kwa nini mtoto aambiwe mlango ni mmoja?

Baada ya kusema hayo, wapo wengine wanaoniudhi karibu sawa na yule mwalimu: wanaomwambia kijana afuate tu moyo wake, kwamba mwenye huruma atafika. Huruma haikokotoi dozi. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo za mwili wake, na nukta ya desimali ikikaa mahali pabaya mtoto amepewa mara kumi. Mzee ambaye figo zake zimechoka hawezi kupewa dozi ya kijana, kwa sababu dawa nyingi hutolewa na figo, na zisipotoka hujilimbikiza mpaka zinakuwa sumu. Mtu anayekufia mikononi hakuja kutafuta mwenye moyo mzuri asiyejua la kufanya. Kwa hiyo fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, utaisoma, farmakolojia, elimu ya dawa, utaisoma, na utaendelea kuzisoma ukiwa na mvi, maana dawa mpya haziishi kutoka. Na anayedhani atayakwepa haya kwa kwenda uuguzi au famasia hajawauliza wauguzi na wafamasia.

Basi mtu aamueje? Mpwa wangu nilimpa kazi moja. Bibi yake anatumia kidonge cha presha kinachomfanya aende haja ndogo kila mara. Nikamwambia atafute kwa nini, asiniulize mimi. Alianza na figo. Akafika kwenye chumvi, akagundua kwamba kidonge kinaizuia isirudishwe kwenye damu. Hapo akakwama: kwa nini chumvi ikitoka maji nayo yanatoka? Akafungua daftari lake la shule, lilelile la kipindi anachosinzia, akaikuta osmosisi: maji huifuata chumvi kule iliko nyingi. Alinipigia simu usiku, anaongea haraka, anataka kujua kama ndiyo sababu bibi huambiwa asizidishe chumvi mezani. Sasa mtu aniambie kwamba huyu hapendi sayansi.

Angefika kwenye figo akafunga kitabu, ningemshauri tofauti, na bila kumwonea aibu. Wapo ambao maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi yanawachosha hata yakihusu mtu wao wa karibu. Wanachokipenda ni kukaa na mgonjwa na kumsikiliza. Hospitali inawahitaji sana hao, kwenye ustawi wa jamii na ushauri nasaha. Wazazi wanaowasukuma kwenye udaktari kwa ajili ya jina la familia wanawatesa, na wagonjwa watakaoangukia mikononi mwao wanateswa pia.

Linabaki suala la alama, na hapo yule mwalimu ana hoja, ingawa sipendi kumpa. Vyuo vingi huchagua kwa alama, na havitauliza nani alikufundisha vibaya. Kwa hiyo usiliache somo kwa sababu ya kinyongo. Tafuta mwenzako anayeielewa milinganyo, tafuta mwalimu mwingine akueleze jioni, na kila mada uliyopewa iulizie mahali pake mwilini kabla hujaanza kuikariri. Anza na asidi na besi, kisha osmosisi, kisha shinikizo la gesi. Hizo tatu utakutana nazo katika wiki yako ya kwanza wodini.